Walisema "bila sumu", wakaja na bomba mgongoni

Sina kawaida ya kuandika haya mambo. Nikiuziwa kitu kibovu nanung'unika jikoni, kesho nimesahau. Hili la watu wa palizi limenikaa kooni, maana kila nikipita ukutani naliona.

Nakaa Goba, Dar es Salaam. Kiwanja si kikubwa, ila nyuma nina matuta ya matembele, mchicha, bamia kidogo, na kuku wa kienyeji wanaozurura humo wanavyotaka. Masika ikikolea, safiri siku nne tu, ukirudi unakuta pori. Kishona nguo naking'oa kwa mkono, hakinisumbui. Shida yangu ni ndago, yale magugu yenye viazi vidogo ardhini. Mume wangu kila mwaka wimbo ni mmoja: "Nunua dawa, pulizia, yaishe." Na mimi kila mwaka namuuliza, kuku watadonoa wapi?

Ndipo nikapewa namba ya hawa jamaa wa bustani. Tangazo lao linasema palizi bila sumu. Nilimuuliza bosi wao kwenye simu mara mbili, makusudi kabisa: hamtumii dawa? Akanijibu, "Dada, hata tone." Laki na ishirini, nusu kabla ya kazi. Nikatuma.

Siku ya kwanza, niseme haki, walinifurahisha. Vijana wawili, saa moja asubuhi wako getini na kirikuu. Hawakulima ovyo. Yule mdogo alichimba taratibu kwa kijembe, akainua ndago nzima akanionyesha: kiazi, halafu uzi mwembamba, kiazi kingine, uzi tena, kama shanga. "Mama, ukipiga jembe hapa ukakata huu uzi, kila kiazi kinaota kivyake." Miaka yote hiyo nalipa watu waje kulima pale, kumbe nawalipa wanizalishie! Kwenye njia za kati ya matuta wakatandika maboksi, wamebandua selotepu zote, wakayalowesha, juu yake wakamwaga pumba za mpunga, ukisimamisha kiganja kinazama. Kona ambayo haina kitu wakaimwagilia, wakaifunika nailoni ile inayopitisha mwanga, kingo wakazifukia, iachwe wiki sita jua liipike. (Nailoni nyeusi nilishajaribu mwenyewe mwaka fulani. Ndago ziliitoboa kama sindano.) Ningeandika jioni ile, ningewasifia mpaka mnichoke.

Kesho yake niko ndani nakuna nazi, nikasikia fyuu, fyuu, fyuu. Mpini wa bomba la kupulizia unapanda na kushuka. Nikatoka na mikono yangu ya nazi. Yule mkubwa amebeba bomba mgongoni, anapulizia chini ya ukuta, na kuku wangu wawili wanamfuata nyuma wakidhani ni mtu wa mahindi. Chini ameweka chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, imebanduliwa karatasi, ndani kuna kitu rangi ya chai iliyopauka.

"Hiyo nini, mwanangu?"

"Siki, mama."

Siki naijua jamani. Siki ukifungua kifuniko inakupiga puani kabla hujainama. Nikafungua ile chupa nikanusa: kama sabuni, tena kwa mbali. Nikamwambia shusha bomba. Yule mdogo akawa anatazama ndala zake, hasemi kitu.

Hata hivyo nilijitilia shaka, nisije nikamsingizia mtoto wa watu. Nikasema ngoja. Siki ikipigwa kwenye majani na jua hili la kwetu, jioni yameshababuka, ila mzizi uko salama na utachipua tena. Haya, siku ya tatu majani kijani vilevile. Ya tano, kijani. Wiki ya pili ndiyo mstari mzima wa ukuta ukaanza kugeuka manjano, polepole, majani machanga kwanza, kama mtu anayeumwa ndani kwa ndani. Hiyo ni dawa inayoshuka mpaka mzizini, hakuna cha siki pale. Muda wote huo kuku wangu nimewafungia bandani, wananililia kuanzia alfajiri.

Nikampigia bosi. Sikumpigia kwa hasira, hasira amenipa yeye. Angekana ningemwelewa. Hakukana! Alicheka, akaniambia: "Dada, kwani wewe unakula ukoka?"

Hebu lisomeni tena hilo. Matembele yangu yako hatua tatu kutoka pale ukutani, na mvua ikinyesha maji ya upande ule yote yanateremkia matutani. Kisha akanieleza kwamba ukuta ule "ungekula siku nzima ya vijana". Sasa si ndiyo nilichokulipia? Kutoa ndago bila dawa ni kazi ya mgongo, na ule mgongo ndio ulioniuzia. Ile nusu ya pili ya pesa bado ananidai, kila Jumatatu meseji.

Kwa hiyo msiwaite. Hilo ndilo nililokalia chini kuandika. Ila nikitoka nje nikaangalia zile njia za kati ya matuta, hamna hata jani moja, udongo chini ya pumba ni mbichi, na ndoo za kumwagilia nimepunguza. (Mchwa wameanza kuyapenda yale maboksi, karibu na msingi wa nyumba msithubutu.) Basi labda waiteni kwa matandazo tu, yale maboksi na pumba, msimame nao mwanzo mpaka mwisho. Hapana, nafuta. Mtu aliyebandua karatasi kwenye chupa kabla hajaingia getini kwako, utasimama naye mpaka lini? Msiwaite. Yule mdogo namba yake ninayo, nitamwita kivyake, na bosi wake akilisoma hili, alisome vizuri.

Leo asubuhi niliinama pale ukutani. Katikati ya ile manjano yote kuna ndago mbili zimechungulia, kijani, wima. Sijazigusa. Nasubiri mume wangu arudi kutoka kazini, azione.