Vifaa vya kunyoosha mwandiko: vipi vinafaa, vipi uachane navyo

Nimenunua karibu kila kitu kinachouzwa kwa jina la kunyoosha mwandiko wa mtoto na kilichonifurahisha ndio kile cha bei ndogo kuliko vyote, penseli nene ya pembe tatu. Vidole vitatu vinakaa vyenyewe mahali pake, huna haja ya kupiga kelele "shika vizuri" kila dakika. Chukua yenye alama ya 2B badala ya HB, risasi yake laini, inaandika bila kukandamiza kwa hiyo mkono hauchoki haraka.

Kile kiraba cha kuvisha kwenye penseli pale vidole vinaposhika nacho poa, ila vingine vimetengenezwa kwa mkono wa kulia tu, kama mwanao anatumia kushoto angalia kabla hujalipa.

Sasa yale madaftari yenye herufi zilizochimbwa kama mifereji, yanayokuja na kalamu ya wino unaofutika wenyewe... mmh. Kalamu inafuata mfereji kama treni kwenye reli, herufi zinatoka nzuri hatari, halafu mpe karatasi tupu uone! Mkono umeburutwa tu, kichwani hajui herufi inaanzia wapi. Labda kwa anayeanza kabisa, tena kwa muda mfupi.

Programu za tableti sizielewi kabisa, kioo kinateleza na mtoto anachora kwa kidole, sasa penseli atajifunza kuishika saa ngapi?

Daftari la mistari minne ndio mpango mzima, anaona herufi ipande hadi wapi na mkia ushuke hadi wapi. Dakika kumi kila siku zinatosha jamani, msiwakalishe saa nzima.