Glutaraldehaidi 25% kwa bakteria wa bahari: uzoefu wangu, Mombasa hadi Kampala

Maji ya bahari huchotwa Mombasa, bakteria wake huhesabiwa Kampala, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi. Kwa umbali huo dawa ya kuhifadhia ndiyo inayoamua kama namba zako zina maana. Nimetumia formalini na glutaraldehaidi. Naipendelea hii ya pili, ile safi inayouzwa kwa kazi za hadubini ya elektroni. Seli hubaki na umbo lake, na haitupi mashapo meupe kama formalini iliyokaa kwenye baridi.

Kipimo ni mililita 0.4 kwa mililita 9.6 za maji, upate 1%. Ichuje dawa kwanza kwa kichujio cha mikromita 0.2, la sivyo utahesabu na takataka za chupa. Itie palepale maji yanapochotwa: ukichelewa, viumbe vidogo vyenye mikia vinaendelea kula bakteria ndani ya chupa. Tengeneza pia chupa tupu ya maji yaliyochujwa yenye dawa hiyohiyo, uitoe hesabu yake kwenye matokeo.

Kasoro yake kubwa ni joto. Chupa ikishafunguliwa na kukaa nje ya friji hugeuka manjano, na chini ya mwanga wa urujuanimno wa hadubini kichujio kizima unachohesabia seli hung'aa hadi seli ndogo hazionekani. Nunua ampuli za mililita 10, si chupa ya nusu lita, hata kama bei kwa mililita ni kubwa. Ya manjano usiitumie.

Jambo ambalo lebo haisemi: sampuli iliyotiwa dawa bado hupoteza seli. Nyingine hunata kwenye kuta za chupa, nyingine huyeyushwa na vimeng'enya vilivyobaki, hata kwenye nyuzi 4. Wiki chache tu zinatosha kuharibu hesabu. Kwa hiyo usisafirishe maji kama unaweza kusafirisha vichujio vilivyonasa seli. Siku hiyohiyo weka DAPI (rangi inayofanya seli zing'ae chini ya mwanga huo), mikrogramu 5 kwa mililita, dakika 10 gizani. Vuta mililita 1 au 2 kwa mvuto mdogo kupitia kichujio cheusi cha polikaboneti cha mikromita 0.2, chini yake kichujio cha 0.45 ili seli zitawanyike sawasawa. Kipandishe kwenye slaidi kwa mafuta ya hadubini, kisha kigandishe nyuzi 20 chini ya sifuri. Hapo kinakaa miezi.

Kasha la barafu lijae hadi Kampala, na friza iwe na jenereta: slaidi ikiyeyuka na kuganda tena huingia unyevu. Hesabu maeneo 20 ya kichujio kwenye hadubini, seli zisipungue 300.

Mvuke wa glutaraldehaidi huchoma macho na mapafu. Glavu za nitrili, dirisha wazi.