Tanki la maji ya mvua: kabla ya kuuliza bei, chungulia ndani

Masika yaliyopita nilinunua tanki la lita 1,000, la samawati iliyopauka, zuri kulitazama. Muuzaji aliliita "simtanki", maana hapa Dar kila tanki la plastiki ni simtanki, hata lisilo na jina la kiwanda. Kufika Juni maji yalikuwa kijani na koki imeziba kwa utelezi.

Habari za ujazo nazipita haraka: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Piga hesabu ya paa lako, punguza kidogo kwa yanayomwagika kwenye gata.

Wengi tunasahau mwanga. Ukuta mwembamba au wa rangi nyepesi hupitisha jua, na maji yaliyotulia yakipata jua huota mwani. Kwa hiyo dukani usiligonge-gonge tanki kama unachagua tikiti. Mwenzako abane tochi ya simu kwenye ukuta wa nje, wewe ingiza kichwa mdomoni mwa tanki. Ukiona hata duara hafifu la mwanga, ondoka.

Namba moja kwangu ni Simtank yenyewe, nyeusi, lita 2,000. Naipendelea, wala sifichi. Ya dada yangu niliipima kwa tochi, giza tupu. Maji hupata joto mchana, lakini mchicha haulalamiki ukimwagiliwa jioni.

Namba mbili ni tanki jeupe la mtumba lenye kizimba cha chuma. Ni imara, ila lazima ulipake rangi nyeusi au ulivike turubai. Uliza lilibeba nini. Kama ni kemikali, usilitumie hata kwa bustani.

Pipa la lita 200? La maua. Lifunike kwa chandarua, mbu wasizaliane.

Sasa hizi bei! Unayotajiwa ni ya tanki tupu. Koki mbali, konekta mbali, gari la kirikuu la kulibeba mbali. Na hakuna anayekwambia lita 1,000 ni tani nzima, kwamba utahitaji jukwaa la tofali lililosawazishwa, nalo lina fundi wake. Dhamana "ipo", lakini risiti haina hata muhuri. Nilipomrudia yule muuzaji alisema silioshi tanki. Tanki la miezi mitatu, jamani, tena lililojaa maji!