Vinywaji vya kushikilia uzito: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Anayekonda bila kutaka hakosi washauri. Kila anayemwona humwambia ale, na kula ndiko kunakomshinda. Anaweza kuwa mgonjwa anayepona, mzee aliyebaki na meno mawili matatu, au mtu wa zamu mbili anayekumbuka chakula saa tano usiku. Kinywaji hupita pale sahani ilipokwama. Tena chakula cha majimaji hakishibishi kama cha kutafuna, hata nguvu yake ikiwa sawa. Kwa anayetaka kupungua hilo ni balaa. Kwa huyu wetu ndiyo faida yenyewe.

Neno moja kabla hujatoa pesa. Kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 3 hadi 6 bila kukusudia ni jambo la kumwona daktari. Kinywaji huziba pengo, lakini hakikwambii pengo limetoka wapi.

Geuza chupa

Mbele ya chupa ni tangazo: misuli, jua linachomoza, orodha ndefu ya vitamini. Unachonunua kiko nyuma, na ni namba mbili tu, kilokalori (kipimo cha nguvu ya chakula) na protini. Zisome kwenye safu ya mililita 100. Safu ya "kwa chupa" hupoteza watu, maana chupa moja ina mililita 125 na jirani yake ina 330.

Maziwa yenye mafuta yote yana kilokalori 60 na kitu, na protini gramu 3 hivi, katika kila mililita 100. Hicho kiwe kipimo chako cha chini. Vinywaji vya lishe vya kawaida huwa na kilokalori 100, vizito 150, na vile vya chupa ndogo hufika 200 hadi 240. Kilicho chini ya maziwa kwenye namba zote mbili ni maji yenye ladha, hata kama bei yake ni mara tatu.

Na unywe kiasi gani? ESPEN, jumuiya ya Ulaya ya lishe ya kitabibu, inaelekeza kwamba mzee mwenye utapiamlo au aliye karibu nao apate kutoka kwenye vinywaji vya nyongeza angalau kilokalori 400 na gramu 30 za protini kwa siku, kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Nimeitumia mizani hiyo kupanga orodha hii hata kwa wasio wazee: je, kinywaji hiki kinakufikisha hapo bila kukutesa?

Cha kwanza: maziwa yaliyoongezwa maziwa ya unga

Najua wengi walitarajia chupa yenye jina kubwa. Lakini piga hesabu. Nusu lita ya maziwa yenye mafuta yote ina takribani kilokalori 310 na protini gramu 16. Ongeza vijiko vinne vya chakula vilivyojaa vya maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, kama gramu 60, na umeongeza kilokalori 215 hivi na gramu 21 za protini. Jumla inapita 500 na 35. Glasi mbili, na lengo la siku limevukwa kwa vitu viwili visivyohitaji maelezo ya mtaalamu.

Kwa nini unga usio na mafuta? Kwa sababu gramu 100 zake zina protini kama gramu 36, wakati ule wenye mafuta una 26 hivi. Wenye mafuta nao unashinda kwa nguvu, karibu kilokalori 500 dhidi ya 360. Kama tatizo ni misuli kuyeyuka, chukua wa kwanza. Kama mtu anakunywa mafunda machache tu kwa siku, chukua wa pili. Koroga unga na maziwa kidogo mpaka uwe uji mzito, ndipo umimine yaliyobaki. Ukiutupa wote kwa pamoja utapata madonge, na mgonjwa aliyekutana na donge leo kesho atakataa kikombe kabla hakijafika mezani.

Hapa dukani pana mtego. Unga mweupe wa kutia kwenye kahawa hukaa rafu moja na maziwa ya unga na hufanana nayo, ila mwingi wake ni mafuta ya mimea na sukari ya nafaka, protini karibu hakuna. Soma orodha ya viambato: neno la kwanza liwe maziwa. Maziwa mazito ya kopo nayo ni ya aina mbili. Yasiyotiwa sukari yana protini karibu mara mbili ya maziwa ya kawaida na ni mbadala mzuri. Yaliyotiwa sukari yaache yawe ya keki.

Kuhusu tumbo kuunguruma: karibu theluthi mbili ya watu duniani hupungukiwa na uwezo wa kusaga laktosi, sukari ya maziwa, baada ya utoto. Si mzio, na wengi wao huvumilia kikombe kimoja kikinywewa pamoja na chakula. Wasiovumilia wanunue maziwa yasiyo na laktosi, ambayo protini na nguvu zake ni zilezile.

Cha pili: mtindi wa kunywa

Bakteria wameshakula sehemu ya laktosi, na uchachu humfaa mtu anayechukizwa na utamu, jambo la kawaida kwa wanaotumia dawa kali. Namba zake ni kama za maziwa. Chagua usiotiwa sukari na wenye mafuta yote. Maandishi ya "asilimia 0 ya mafuta" yanaonekana kama sifa, lakini kwako ni hasara. Kijiko cha siagi ya karanga kikisagwa ndani yake huongeza kilokalori 95 hivi na protini gramu 4.

Cha tatu: chupa za lishe zilizo tayari

Ensure, Fortisip, Boost na ndugu zao. Nimeziweka ya tatu kwa sababu ya bei na ladha. Kazi yake haina ubishi. Kuna watu ambao kwao ni za kwanza kabisa: asiye na wa kumkorogea, anayesafiri, na anayeshiba kwa funda tano. Kwa huyo wa mwisho nenda moja kwa moja kwenye chupa ndogo za mililita 125 zenye kilokalori 300. Zipo pia zinazofanana na juisi, zisizo na mafuta. Huokoa waliochoka na utamu wa maziwa.

Nunua moja ya kila ladha kwanza. Niliwahi kununua katoni nzima ya chokoleti kwa ajili ya mzee mmoja nyumbani. Alikunywa mbili, akasema zinanuka dawa, na zilizobaki tukazimaliza sisi tusiozihitaji. Zikiwa baridi harufu hupungua, na mrija husaidia zaidi. Ikishafunguliwa iingie kwenye friji na isilale zaidi ya siku moja.

Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo asijichagulie. Ana chupa zake maalumu, na mtaalamu wa lishe ndiye wa kumwelekeza. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa vingi vya vinywaji hivi vina vitamini K, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Vinavyofuata

Maziwa ya soya ni ya nne, na kwa asiyetumia maziwa ya mnyama ni ya kwanza. Protini yake, gramu 3 hivi kwa mililita 100, inakaribia ya maziwa. Usiiweke kundi moja na maziwa ya lozi: kikombe kizima cha lozi bila sukari kina protini gramu 1 na kilokalori 30 hadi 40. Jina ni maziwa, ndani ni maji. Anayemeza dawa ya tezi ya levothyroxine aitenganishe na soya kwa saa kadhaa.

Unga wa mlo kamili wa kuchanganya na maji, kama Huel, ni wa tano. Ni mzuri kwa mtu mzima wa afya asiye na muda, na kipimo kimoja huwa karibu kilokalori 400. Ila nyuzinyuzi zake hujaza tumbo, na kwa aliyekosa hamu ya kula hicho ndicho kitu asichokihitaji.

Unga wa protini tupu ni wa sita. Kijiko chake kikubwa kina protini gramu 20 na ushee lakini kilokalori 100 na kidogo tu, na mwili wenye njaa ya nguvu huichoma protini hiyo kama kuni. Kama tayari unao nyumbani, utie kwenye maziwa, si kwenye maji. Zile ndoo za unga wa kunenepesha zinazoahidi kilokalori zaidi ya 1,000 kwa kipimo nimeziweka karibu na mwisho: wanga mtupu kwa sehemu kubwa, na hicho "kipimo" ni bakuli.

Juisi ni ya mwisho. Protini karibu hakuna, sukari yake ni kama ya soda.

Chochote utakachochagua, kinywewe kati ya mlo na mlo au baada ya kula, kikombe kidogo kidogo; kikitangulia chakula kitachukua nafasi ya chakula. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, kwenye mizani ileile, na uandike. Wiki nne zikipita na namba bado inashuka, usibadilishe ladha wala kampuni. Chukua hilo karatasi uende nalo kwa daktari.