Tuktuk ya umeme ya mizigo: masika ya Malindi nimeyamaliza nayo

Kila anayeiona tuktuk yangu swali lake la kwanza ni hilo hilo: mvua ikinyesha, haipigi shoti? Haipigi. Nimeiendesha masika yote, pamoja na Mei, ambayo kwetu Malindi ndiyo yenye mvua kushinda miezi yote, na stima yake haijanitisha. Kilichonitoa jasho ni utelezi, kisha chumvi. Muuzaji hakugusia hata kimoja, na kijitabu cha maelezo kimejaa picha za lami kavu.

Chombo chenyewe ni tuktuk ya pikapu, ya kubeba kilo 500. Betri ni ya lithiamu, ile aina ya chuma na fosfeti, imelazwa chini ya bodi karibu na ekseli ya nyuma, na mota inazungusha magurudumu mawili ya nyuma. Kazi yangu ni madafu. Nayatoa mashambani Magarini, upande wa Marikebuni, nayashusha kwenye mahoteli ya Casuarina na Silversands. Kuvuka daraja la Sabaki si kazi. Kazi inaanza ukishaiacha lami na kuingia vijia vya mashamba.

Udongo wa kule ni mwekundu wenye mchanga. Ukikauka ni vumbi tu, ukinywa maji juu panakuwa kama pamepakwa sabuni. Malori yamechimba mifereji miwili na katikati pamebaki tuta la nyasi. Gari lina pa kupita, tuktuk haina. Magurudumu ya nyuma yakishika kingo za mifereji, la mbele linabaki juu ya tuta, na tuta likilowa gurudumu lile linaporomoka upande linaoutaka lenyewe huku wewe umenyoosha usukani. Hayo ni ya tuktuk zote, hata ya petroli niliyokuwa nayo zamani.

Umeme unaleta yake pale unapoachia mkono wa kuongeza mwendo. Ukiachia tu, mota inageuka breki na kurudisha chaji kidogo kwenye betri. Kwenye lami ni raha, hasa ukiteremka na mzigo, na breki za kawaida haziliki ovyo. Lakini kwenye tope, ukiwa mtupu, huna mzigo, breki hiyo inashika magurudumu ya nyuma peke yake na mkia unataka kukupita. Mara ya kwanza iliponifanyia hivyo nilijua moyo wangu uko upande gani wa kifua.

Nina jirani, mzee wa Kitaliano aliyezaliwa kwenye milima ya Alps, na Malindi kama mjuavyo hawa hawatuishi. Nilipomsimulia alicheka, akasema huko kwao barafu ikishika barabara ni hayo hayo. Pikapu nyingi za umeme zina hali ya theluji: ukiibonyeza, mota inakuwa mpole wa kuvuta na mpole wa kushika. Na wanafunga matairi ya baridi, ambayo raba yake haigandi. Tena wana balaa ambalo sisi hatulijui: baridi inakula masafa, yaani umbali unaokwenda kwa chaji moja, kwa kuwa betri iliyopoa ni nzito kutoa nguvu na hita ya ndani inakunywa chaji hiyo hiyo. Betri ya aina yangu huko haitakiwi hata kuchajiwa chini ya sifuri. Mimi baridi yangu kali ni ya Julai, na naendesha na fulana.

Yangu haina hali ya theluji wala ya matope. Fundi wangu wa Maweni aliiunganisha kontrola, kile kisanduku kinachoiongoza mota, na simu yake, akaishusha breki ya mota hadi nusu. Ikawa chombo kingine. Nashangaa kwa nini haikuuzwa hivyo, au kwa nini muuzaji hakusema kwamba inawezekana. Ukinunua, dai hilo kabla hujatoa pesa.

Halafu kuna kuvuta. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote tangu gurudumu limesimama, haisubiri mlio upande kama injini. Ukikwama hilo ni neema na ni msiba, inategemea mkono wako. Vijana wa kusukuma wamezoea injini, wakishika bodi wanaanza, "Kaza ami! Kaza!" Ukikaza, gurudumu moja linazunguka bure na kujichimbia kaburi, la pili limetulia tu, kwa sababu ekseli hizi hupeleka nguvu kule kwenye wepesi. Na kwa vile haingurumi, anayesukuma hajui lini tope litaruka. Kijana mmoja alipakwa kuanzia kifua hadi nyusi, wenzake wakamcheka hadi wakaacha kusukuma. Dawa ni kuvuta kidogo kidogo, kama hutaki, mpaka usikie magurudumu yote mawili yameuma. Mzee mwenye shamba alikuwa amesimama kando na mwavuli wake. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo haina hata sauti, itatokaje?" Ilitoka.

Jambo lililosaidia kuliko yote ni matairi. Yaliyokuja nayo ni ya lami, meno mafupi yanayojaa tope mara moja. Nimefunga ya meno marefu nyuma. Masafa yamepungua, sikatai. Kampuni inaandika kilomita 100. Kwenye lami kavu na mzigo nilikuwa napata kama 80. Kwa matairi haya na njia za tope nahesabu 60 na sivuki hapo. Kwa safari yangu inatosha. Anayetaka kwenda Marafa na kurudi mara mbili kwa siku, atafute chombo kingine au betri ya pili.

Kwenda mtupu ni tabu kuliko kurudi na madafu, kwa sababu nyuma inakuwa nyepesi. Yule mzee wa Alps anasema kwao huweka magunia ya mchanga nyuma ya pikapu wakati wa theluji. Mimi sibebi mchanga wa bure. Napakia mitungi ya maji ya kuuza huko ndani, naipanga juu ya ekseli. Natulia, na napata chochote.

Sasa chumvi. Betri imefungwa vizuri, ina alama ya IP67, maana yake inavumilia kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa. Plagi na viungio vya nyaya havina ulinzi huo. Naegesha karibu na ufuo, na kusi ikivuma inaleta unyevu wa bahari kila mahali. Siku moja tuktuk ikaanza kukata na kurudi, kipima chaji kikisoma nusu, mara sifuri, mara nusu. Wakala aliyeniuzia akasema ni kontrola, ninunue mpya, na dhamana haihusiki. Fundi akafungua plagi kubwa ya betri: ndani kuna kutu ya kijani, shaba inamenyeka kwa kucha. Akasugua kwa brashi na msasa laini, akakausha, akapaka vaselini, akavisha mpira wa tairi la baiskeli. Kontrola ile ile ndiyo ninayotembea nayo mpaka leo. Sasa kila mwisho wa juma naosha chini kwa maji baridi na nafungua plagi kuangalia. Nikiwauliza wenye tuktuk za petroli wanasema hata wao chumvi inawala, ila kwao inakula bati.

Gharama za stima sina malalamiko. Kujaza nyumbani kwa tokeni za kawaida ni kama shilingi 200, wakati petroli ilikuwa inanitoka mara tatu ya hapo kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2023 ililetwa bei maalum ya kuchajia vyombo, iliyoanza kwa shilingi 16 kwa yuniti na 8 usiku, kabla ya kodi, lakini inahitaji mita ya peke yake na mimi ni mpangaji. Stima ikipotea usiku ndiyo siku imekwenda. Langobaya hapo tuna shamba la sola la megawati 52 tangu 2021, na bado upepo ukipiga nyaya tunawasha taa za simu.

Joto nalo lina adabu zake. Ukirudi saa nane mchana, betri imechemka, usichomeke chaja hapo hapo. Iache kivulini ipoe, kula, swali, ndipo uchomeke.

Kwa anayebeba mizigo mjini, Watamu au Mambrui, ningemwambia anunue bila wasiwasi. Kwa wa mashambani kama mimi, nunua, lakini weka kando pesa ya matairi mawili. Na dhamana isome mwenyewe mpaka mwisho, uone kama kutu imetajwa; yangu inafunika betri miaka mitatu, na waya wa kuitoa stima betrini hadi kwenye mota hauna hata siku moja.