Bamba la V kutoka Gerezani: kipimo cha maji yanayopenya tuta la bwawa

Halmashauri ya mji yenye bwawa dogo la udongo haina haja ya kuagiza mtambo nje ya nchi ili ijue tuta lake linavuja kiasi gani. Linatosha bamba la V, yaani bamba la chuma lenye mkato wa V, linalosimamishwa kukinga mfereji wa maji yaliyovuja ili yapite kwenye mkato na kimo chake kisomwe. Karakana za Gerezani, Dar es Salaam, hulikata kwa mchoro wako, na kazi ni safi ilimradi mchoro umekamilika. Usichoandika, fundi atakibuni.

Andika: stenlesi ya milimita 3, upana 600, kimo 400, V ya nyuzi 90 yenye kina cha 200. Ukingo wa V ubaki na unene wa milimita 1 hadi 2, uchongwe mshazari upande wa chini, maji yanakoangukia. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukingo ukizungushwa na grenda ukawa butu, maji hayaruki. Hulamba bamba yakateremka nalo, na kipimo kinakuwa cha uongo. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ni rahisi siku ya kununua tu, kwani kutu huanza kula ukingo huohuo.

Kabla ya kumalizia malipo, shika rula. Milimita 100 juu ya ncha ya chini ya V, uwazi lazima uwe 200. Ukikuta 210, maji halisi yatazidi hesabu yako kwa asilimia 5.

Bamba lisimame wima, pimamaji (kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa) ihakikishe halijainama, na maji yasipenye chini wala kando yake. Yakishavuka V yaanguke huru, yasirudi kujaa hadi kwenye ncha. Rula ya kusomea usiibandike kwenye bamba lenyewe, maana hapo uso wa maji umeshaanza kushuka. Isimike nyuma ya bamba, upande maji yanakotoka, sentimita 80 au zaidi, sifuri yake ikilingana na ncha.

Kimo cha maji cha sentimita 5 juu ya ncha ni lita 0.77 kwa sekunde. Cha 10 ni lita 4.4. Kwa hiyo mlinzi akisoma 11 badala ya 10, amekosea zaidi ya robo ya maji yote.

Kasoro yake kubwa: chini ya sentimita 5 haliaminiki, na mabwawa mengi madogo yenye afya huvuja kidogo kuliko hapo. Agiza V ya nyuzi 22.5 (uwazi wa milimita 40 kwenye kimo cha 100), inayopitisha takriban moja ya tano ya maji ya V ya nyuzi 90 kwa kimo kilekile. Au kinga ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde kwa simu. Kwa mtiririko mdogo, ndoo haina mpinzani.

Kila kipimo kiandikwe pamoja na kina cha bwawa na mvua. Masika bwawa likijaa na maji yakaongezeka, ni kawaida. Yakiongezeka huku kina kimetulia na hakuna mvua, au yakitoka na tope, huenda tuta linaliwa kwa ndani: mwite mhandisi, shusha kina taratibu kwa valvu ya kutolea maji, funika mdomo wa chemchemi, yaani pale maji yanapochomoza, kwa mchanga safi kisha kokoto. Usiuzibe kwa mfinyanzi wala zege. Maji yatatafuta pa kutokea pengine.

Bamba halioni maji yanayotokea nje ya mfereji wake, kwa hiyo nyasi za mteremko wa chini zikatwe fupi. Na mwani kwenye V uondolewe kwa brashi ya plastiki, siyo panga.