Gani ya Kamukunji, baada ya mwaka mmoja mkononi

Mlangoni pa jengo moja la ofisi kule Upper Hill, askari alifungua mkoba wangu wa kazi akachomoa ile chuma.

"Hii ni nini?"

"Gani," nikamjibu.

"Nimekuuliza hii ni nini, nawe unaniuliza gani?"

Foleni nyuma yangu ikaangua kicheko. Ikabidi nitoe mrija wa silikoni, niupachike na kumwonyesha inavyoisukuma silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa, itoke kwa mstari. Wapo wanaoiita bunduki ya silikoni, lakini jaribu kulitamka neno bunduki mbele ya askari uone kama utafika kazini saa mbili.

Kazi yangu ni kufunga vioo vya bafu na madirisha ya alumini. Siku ikiwa nzito namaliza mirija kumi na miwili, kila mmoja mililita 280 au 300, na jioni nikishika kikombe cha chai vidole vinakataa kukunjuka. Kabla ya hii ninayoisimulia nilikuwa nimezika gani tatu ndani ya mwaka mmoja. Zote za hadiwea za mtaani, shilingi 300 hadi 450, na zote zilikufa kifo kimoja.

Nitaeleza kifo chenyewe, kwa sababu ukikielewa unaweza kuchagua gani yoyote. Ndani ya mpini, mbele ya triga, kuna kibati kidogo chenye tundu, na rodi inapita humo. Ukibonyeza triga, kibati kinainama kidogo, ukingo wa tundu unaiuma rodi na kuisukuma mbele. Ukiachia, springi inakirudisha nyuma kikaume mahali pengine. Mzigo wote unabebwa na ukingo huo usiozidi upana wa ukucha. Kama chuma chake ni laini, baada ya mirija mia hivi ukingo unaviringika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Unabonyeza mpaka triga inagonga mpini, unasikia krr, na silikoni haitoki. Mteja naye amesimama hapo nyuma yako amekunja mikono.

Zile zenye rodi ya meno nazo si dawa. Zinasukuma kwa mirukoruko, mstari unatoka na vinundu, na ili kupunguza shinikizo lazima uizungushe rodi nzima huku silikoni ikiendelea kumwagika kwenye kigae. Mimi sizitaki hata za bure.

Basi nikajiambia, wimbo wa "Nunua Kenya, Jenga Kenya" tumeuimba vya kutosha, safari hii nanunua iliyotengenezwa hapa. Duka moja, sitalitaja, liliniuzia yenye stika ya bendera yetu. Nilipoibandua kwa ukucha nikiwa kwenye matatu, chini yake chuma kilikuwa kimepigwa chapa ya nchi nyingine kabisa. Nikairudisha. Muuzaji hakuona haya: "Mama, stika ndiyo imetengenezwa hapa."

Najua gani nzuri ikoje. Mteja mmoja aliwahi kuniazima Albion yake, hizi zinazotoka Moorestown, New Jersey, na kwa siku mbili niliona jinsi Wamarekani wasivyochezea kitu kidogo kama hiki. Lakini sina jamaa Marekani wa kunitumia vifaa kila kikiharibika kibati.

Nikashuka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wa Nairobi. Kutoka Machakos Country Bus huhitaji kuelekezwa, unafuata kelele za nyundo. Mzee niliyemwendea kwa kawaida hutengeneza wilbaro, na aliponiona akadhani natafuta karai. Nikamkabidhi ile maiti ya tatu. Aliigeuza, akakitoa kibati, akakipitishia tupa mara mbili. Tupa ilikila kama inakula mti. "Hii ni debe, mama," akasema, akanirudishia mkononi kama mtu anayerudisha noti bandia.

Kibati chake alikikata kutoka kwenye springi ya pikapu. Alikipasha moto, akakiponda mpaka wembamba wa milimita tatu, akakitoboa, kisha akakirudisha motoni mpaka kikawa chekundu na kukichovya kwenye oili chakavu. Moshi ulioruka hapo ulinikohoza hadi jioni. Baada ya kukipasha tena kidogo kisiwe cha kuvunjika kama biskuti, akanipa tupa nijaribu mwenyewe. Iliteleza juu kama kwenye kioo. Fremu aliikunja kwa bati la milimita moja na nusu, na pale ambapo za dukani zina ribiti, yeye ameweka bolti na nati. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nilipe bila kubishana sana. Ribiti ikilegea unatupa gani, lakini bolti unakaza kwa spana namba kumi.

Bei ilikuwa shilingi 1,400, nusu kwanza. Aliniahidi siku tatu, nikaichukua siku ya tisa.

Sasa, kuhusu nguvu. Maboksi ya gani za maana huandikwa 10:1, 12:1, 18:1, na zipo hata za 26:1. Maana yake ni mara ngapi mkono wako unazidishwa. Namba ikiwa kubwa unasukuma kitu kizito kwa wepesi, ila kila mbonyezo rodi inasogea kidogo, kwa hiyo unabonyeza mara nyingi zaidi. Yangu haina boksi, nikapima kwa rula. Toka bolti ya triga hadi vidole vinaposhika ni milimita 96, na toka bolti hiyo hadi triga inapokigusa kibati ni milimita 8. Hiyo ni kumi na mbili kwa moja. Kwa silikoni ya bafu inatosha na kubaki. Kwa gundi nzito ya poliuretheni, asubuhi za Julai Nairobi ikiwa na baridi ya kuuma masikio, nalazimika kuiweka mirija kwapani kwanza, na bado mkono unalia. Mwenye kazi ya gundi nzito kila siku amwambie mzee aisogeze bolti.

Mwaka umeisha. Nimetoa mirija zaidi ya mia nne, na majuzi nilikifungua kibati nikakishika kwenye mwanga. Ukingo bado unakwaruza kidole. Rodi ina alama ndogo ndogo za kuumwa, lakini haijateleza hata siku moja.

Kasoro zipo, na baadhi zinaudhi. Ni nzito, karibu mara mbili ya za dukani, na ukiwa juu ya ngazi unafunga kioo cha ghorofani utaitaja kwa jina baya. Mpasuo wa mbele aliukata mwembamba, mrija wenye shingo nene ukakataa kuingia, nikarudi akaukwangua kwa tupa milimita mbili, bila malipo. Haina ule waya wa kutobolea mrija, kwa hiyo natembea na msumari mfukoni. Kile kibati cha nyuma cha kuachilia rodi alikiacha na makali, na mpaka leo nina kovu kwenye dole gumba la kulia. Kisha rodi inashika kutu. Silikoni ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka, na nilipoiacha gani wikiendi nzima na mrija uliovuja, Jumatatu nilikuta rodi imekuwa ya kahawia. Sasa kila jioni naifuta kwa kitambaa chenye oili kidogo.

Na haikatishi silikoni yenyewe. Ukimaliza mstari lazima ubonyeze kibati cha nyuma upesi, la sivyo unapata mkia juu ya kigae. Anayeanza kazi atachafua bafu mbili tatu kabla dole gumba halijazoea.

Je, uinunue? Kama una bafu moja nyumbani la kuziba, chukua ya shilingi 300 na usinisumbue. Kama unakula kwa mkono huu, nenda Kamukunji ukiwa na gani yako mbovu kama mfano, na ukiwa na mrija unaotumia, si wa kuazima. Usiondoke kabla hujapitisha tupa kwenye kibati wewe mwenyewe mbele ya fundi.

Wiki iliyopita nimemwagiza ya pili, ndefu, ya zile soseji za mililita 600, silikoni inayofungwa kwenye karatasi laini badala ya mrija mgumu. Amechukua 700 ya kuanzia na kuniambia niende Ijumaa. Nimefika stejini ndipo nikakumbuka sikumuuliza Ijumaa gani.